Pingili ya Saba Iko Wapi?

Mwaka wa pili nilipata A ya anatomia. Sisemi hivi kujisifu, maana nikimaliza habari yenyewe mtaona kwamba ni aibu ninayoianika mbele yenu. Swali la uti wa mgongo lilibeba alama nyingi, nami nilikuwa nimelipigia msuli wiki mbili nzima pale vimbwetani, desa mkononi, chai ya rangi pembeni. Siku ya mtihani nikamwaga kila kitu. Pingili 33 tunazozaliwa nazo: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu ambazo huungana kuwa mfupa mmoja, na 4 za kifandugu. Jozi 31 za neva. Pingili ya kwanza, atlasi, haina mwili. Ya pili, aksisi, ina jino linalopanda juu. Nikachora hadi ramani ya ngozi ya mkono: kidole gumba ni neva ya sita ya shingo, kidole cha kati ni ya saba, kidole cha mwisho ni ya nane. Mwalimu akapitisha vema nyekundu, kila mstari.

Mwaka uliofuata nilikuwa fildi, hospitali moja ambayo sitaitaja, zamu ya usiku. Wakaletwa watu wawili wa bodaboda. Mmoja alichubuka tu. Mwingine, kijana wa umri wetu, wenzake walimkunja kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali kwa nia njema kabisa. Mapokezi walimvalisha kola ya shingo, wakamlaza kwenye machela, wakaandika kwenye fomu maneno matatu: “Eksirei shingo, ajali.” Basi.

Nikampanga kama nilivyofundishwa. Hakuinuka. Bamba la picha niliweka ubavuni, mashine nikaivuta mbali, mwale ukaenda mlalo. Nilipokuwa nasogeza bamba akaniambia, “Dokta, hiki kidole cha kati sikisikii. Kama si changu vile.” Nikamjibu, “Pole kaka, tulia kwanza tupige picha.” Nikapiga.

Picha ilitoka nzuri, nawaambia. Weupe wa mfupa ulikuwa mahali pake, weusi mahali pake, haikutikisika. Mpangilio wa pingili ulikuwa mstari safi kama shanga. Nikatoka mlangoni, nikawaambia wenzake wanaosubiri, “Shingo haina shida.” Nikarudi ndani, mkono wangu ukawa tayari kwenye utepe wa ile kola ili nimfungue apumue vizuri.

Mama wa zamu, mtaalamu wa mionzi aliyekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wangu, akaingia na kikombe chake. Akatazama kioo.

“Umeiona picha, mwanangu?”

“Nimeiona, mama. Iko safi.”

“Hebu nihesabie.”

Nikahesabu kwa kidole, kuanzia atlasi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Baada ya sita palikuwa na wingu jeupe. Mabega.

“Pingili ya saba iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Akaniambia neno moja tu, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie: “Mwachie kola yake.” Akaenda kuongea na daktari wa zamu. CT-skani haikuwepo pale, kwa hiyo wakakubaliana tupige ile tunayoiita picha ya mwogeleaji: mkono mmoja unapandishwa taratibu juu ya kichwa, mwingine unabaki chini, shingo yenyewe haiguswi wala haigeuzwi, ili mwale upite katikati ya mabega. Picha hiyo haina uzuri wowote, imejaa ukungu. Lakini ilionyesha pingili ya sita imeteleza mbele ya ya saba kwa takriban robo ya upana wake. Zile nyuso ndogo za viungo, zinazolaliana kama vigae vya paa, upande mmoja zilikuwa zimerukana.

Na neva inayotokea kati ya pingili ya sita na ya saba ni ya saba. Kidole cha kati. Mgonjwa aliniambia jibu kwa mdomo wake kabla sijabonyeza kitufe, kwa Kiswahili fasaha, na mimi mwenye A nikamwambia atulie.

Alfajiri aliondoka na gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa, shingo imefungwa, vidole vya miguu vikicheza. Nilivitazama vile vidole mpaka mlango wa gari ukafungwa. Kama ile kola ingefunguka, akainuka mwenyewe kama alivyokuwa anataka, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Hoja yangu, wenzangu, ni hii: tunafundishwa uti wa mgongo kama orodha, tunaujibia mtihani kama orodha, halafu tunapelekwa kwa watu ambao migongo yao si orodha. Kwa hilo nailaumu idara kidogo, na sisi wenyewe zaidi.

Kila namba ina mtu

Chukueni zile namba tulizokariri tuone kila moja inamfanyia nini binadamu.

Neva za tatu, nne na tano za shingo ndizo zinazoendesha kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Uti ukikatika juu ya hapo mtu hapumui mwenyewe. Ukiumia chini ya hapo anapumua, lakini mikono na miguu ni habari nyingine. Kwa hiyo anapokuja majeruhi wa shingo, pingili moja juu au moja chini ndiyo inayoamua kama atarudi kwenye kazi yake, au atakaa kwenye kiti cha magurudumu, au atategemea mashine.

Jino la aksisi limeshikwa na kano inayopita nyuma yake. Kwa mtu mzima nafasi kati ya jino na atlasi haitakiwi kuzidi milimita 3, kwa mtoto milimita 5. Milimita tatu! Ukimpiga mgonjwa picha akiwa amepinda kidogo, au ukatoa picha yenye ukungu, umeifuta ile nafasi ambayo daktari anaitafuta.

Kamba yenyewe ya neva, ile inayopita ndani ya pingili, kwa mtu mzima inaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni fungu la neva linaloning’inia kama mkia wa farasi. Ndiyo maana daktari anayechukua maji ya uti wa mgongo huchoma sindano chini, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Huku mtaani watu wanaogopa kipimo hicho kuliko ugonjwa wenyewe, wanasema ukichomwa unapooza. Sisi tunaojua ile kamba inaishia wapi tungeweza kuwatoa hofu kwa sentensi mbili. Tunazo, ila tumezihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Halafu kuhesabu. Wapo watu ambao pingili yao ya tano ya kiuno imeungana na sakramu, na wapo ambao ya kwanza ya sakramu imejitenga ikaonekana kama ya sita ya kiuno. Daktari wa upasuaji atahesabu kutoka kwenye picha yako na yangu. Kama tumeikata picha juu, mbavu za mwisho hazionekani, au tumeikata chini, sakramu haionekani, anahesabu kutoka wapi? Atapasua pingili ya jirani. Ni kosa linalotokea duniani, na linaanzia kwenye vyumba kama vyetu.

“Kazi yetu si kutoa majibu”

Nawasikia. Hili ndilo jibu la kwanza nililopewa nilipoileta hoja hii kwenye kikundi chetu cha kujisomea. “Sisi tunapiga picha. Majibu anaandika daktari wa radiolojia.” Kisheria na kimaadili ni kweli, na mimi mwenyewe usiku ule nilikosea mara mbili: kosa la pili lilikuwa kuwatangazia watu majibu mlangoni.

Lakini tujiulize ukweli wa nchi yetu. Hospitali ngapi za wilaya zina daktari wa radiolojia anayekesha? Mara nyingi picha inatoka mikononi mwetu inaenda moja kwa moja kwa tabibu au daktari kijana ambaye amewaona wagonjwa sitini tangu asubuhi. Kati ya mashine na yeye, mtu pekee aliyesoma picha kama fani ni wewe. Huandiki ripoti, sawa. Ila unaamua kama picha inatosha, kama iongezwe pembe nyingine, kama mgonjwa huyu asubiri foleni au apitishwe mbele, kama umpigie daktari simu sasa hivi. Maamuzi hayo manne huwezi kuyafanya bila kujua magonjwa.

Mfano wa karibu ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huu haukai mapafuni tu. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ulemavu wake wa mgongo mwaka 1779, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huanza mbele ya mwili wa pingili, karibu na diski, mara nyingi sehemu ya chini ya kifua au juu ya kiuno. Unakula ukingo wa pingili, diski inasinyaa, unavuka kwenda pingili jirani. Upande wa mbele ukishabomoka, mgongo unajikunja kwenda mbele na nyuma panatokea kibiongo. Usaha unaweza kujikusanya pembeni, ukateremka na msuli hadi kwenye kinena.

Sasa mama anakuja na fomu imeandikwa “maumivu ya mgongo, eksirei kiuno.” Wewe unaweka mwale katikati ya kiuno, unabana eneo vizuri kama tulivyofundishwa, unapata pingili tano safi. Ugonjwa umekaa pingili ya 11 na ya 12 za kifua, nje kidogo ya picha yako. Mama anarudi nyumbani na dawa za maumivu. Kama ungemwuliza, “Mama, panapouma hasa ni wapi? Niwekee mkono,” angeuweka juu ya kiuno. Kama ungemwuliza tangu lini, angekwambia miezi minne, na nguo zinamlegea, na usiku anatoka jasho. Ungetoka nje dakika moja kumwambia aliyeandika fomu. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika hospitali zetu za umma. Atakachokosa mama huyu ni picha iliyopigwa mahali panapouma.

Na saratani nayo ina tabia zake. Mara nyingi inakula mfupa ikaiacha diski, wakati maambukizi huivamia diski. Ukitazama picha ya mbele ya pingili, zile duara mbili za kando ni kama macho ya bundi. Jicho moja likipotea, bundi amekonyeza, na kwa mtu mzima mwenye maumivu yasiyolala usiku hilo si jambo la kusubiri Jumatatu. Tena tujue kikomo cha kifaa chetu: mfupa unaweza kupoteza theluthi hadi nusu ya madini yake kabla eksirei ya kawaida haijaonyesha kitu. Picha safi haimaanishi mgongo safi. Ukijua hilo hutamwambia mgonjwa “huna kitu”, hata kwa nia ya kumfariji.

Picha ambazo hatukupaswa kuzipiga

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Tunalalamika wagonjwa ni wengi na mashine ni moja, na papo hapo tunapiga picha za viuno ambazo hazitamsaidia mtu yeyote. Kijana wa miaka 22 amebeba mizigo Jumamosi, mgongo unauma Jumanne, hana homa, hana ganzi, hajakonda, hakuanguka. Anapigwa eksirei ya kiuno. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa ameomba, daktari amechoka, na sisi hatuulizi.

Eksirei haionyeshi diski. Haionyeshi neva. Haionyeshi msuli uliovutika. Inaonyesha mfupa. Na picha za kiuno si kama ya kifua: mionzi yake ni makumi ya mara zaidi ya ile ya picha moja ya kifua, nayo inapita karibu na viungo vya uzazi. Nchi yetu ina Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia, na kanuni ya kwanza kabisa ya kinga ya mionzi inajulikana na kila aliyekaa darasani kwetu: kila mwale uwe na sababu.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa vipimo vya mionzi. Ukimpiga picha mtu mwenye miaka 50 na kuendelea, kuna uwezekano mkubwa utakuta vimiba vya mfupa pembeni mwa pingili na nafasi zilizopungua. Wengi wanavyo na hawaumwi. Lakini mgonjwa akishaambiwa “pingili zimesagika”, maisha yake yamebadilika. Anaacha kulima, anaacha kutembea, ananunua mafuta ya elfu thelathini kwa mtu wa spika stendi. Neno “zimesagika” limewalaza watu wengi vitandani kuliko vimiba vyenyewe. Tulitumie kwa tahadhari, au tulipumzishe kabisa.

Kiswahili cha chumba cha giza

Hapa ndipo nitagombana na baadhi yenu. Tunajua majina yote ya pingili kwa Kilatini na Kiingereza, ila hatujui kuongea na mgonjwa.

Mgonjwa akisema “kiuno kinaniuma”, anaweza kumaanisha pingili za kiuno, nyonga, figo, au tumbo la uzazi. Akisema “uti wa mgongo”, anaweza kumaanisha mifupa, au ile kamba ya ndani, au homa aliyoisikia redioni. Hayo si makosa yake, ndiyo lugha yetu ilivyo. Aliyesoma ndiye mwenye wajibu wa kuuliza swali la pili.

Maelekezo nayo. Nimemsikia mwenzetu akimwambia bibi wa miaka sabini, “Bibi, usipumue!” kwa sauti ya askari. Bibi akashtuka, akavuta pumzi, akajikaza, picha ikaharibika, ikarudiwa mara mbili. Ukimwamkia shikamoo kwanza, ukamwambia, “Bibi, toa pumzi yote taratibu, halafu kaa hivyo hivyo kidogo, usivute nyingine mpaka nikwambie,” kiuno kinatulia na picha moja inatosha. Kwa picha ya shingo ya ubavuni ni vilevile: “toa pumzi, legeza mabega.” Mabega yakishuka, pingili ya saba inaweza kujitokeza bila kumvuta mtu mkono. Yule kijana wa bodaboda mimi nilimwambia “usitikisike” tu, akajikaza kama mti. Mabega yake niliyapandisha mwenyewe kwa mdomo wangu.

Na yapo maswali ya aibu ambayo lazima tujifunze kuyauliza kwa heshima. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, na ganzi mahali mtu anapokalia tandiko la baiskeli, ni dharura. Ule mkia wa farasi umebanwa, na saa zinahesabika kabla madhara hayajawa ya kudumu. Sasa utamwulizaje mzee wa rika la baba yako? Si kwa Kiingereza cha kitini. “Samahani mzee, haja ndogo inatoka vizuri? Unaibana ukitaka? Ukijisafisha unasikia mkono?” Maswali matatu, mlango umefungwa, mkewe na watoto wako nje. Vivyo hivyo swali la ujauzito kwa binti kabla ya picha ya kiuno. Ukimwuliza mbele ya mama mkwe wake, jibu utakalopata si la kwako, ni la mama mkwe.

Haya hayamo kwenye desa. Mimi niliyapata kwa kumsikiliza yule mama wa zamu, kwa bahati tu ya kupangwa naye.

Tufanye nini

Idara yetu naiomba mambo mawili. La kwanza, mtihani wa vitendo uwe na picha mbovu. Mwekeeni mwanafunzi picha ya shingo yenye pingili sita, ya kiuno iliyokatwa juu, ya mshazari ambayo yule mbwa wa Kiskoti haonekani shingo yake, kisha mumwulize: hii inatosha? Kama haitoshi, utafanya nini, na utamwambia nini daktari? Shingo ya mbwa yule ikiwa na ufa, pingili inaweza kuteleza mbele, na hapo ndipo hadithi ya mchoro inapogeuka kuwa mgongo wa mtu. Swali la “taja na chora” libaki, ila lisiwe peke yake.

La pili ni kuhusu kile kitabu cha fildi. Tunatakiwa kujaza idadi ya picha na saini. Matokeo yake kila mtu anawinda saini. Nimeona wenzetu wakigombania mgonjwa wa kiuno mlangoni kama abiria wa daladala. Afadhali picha chache, kila moja na mistari mitatu chini yake: mgonjwa alilalamika nini, picha ilionyesha nini, nilikosea wapi. Mistari hiyo mitatu ingenifanya nikumbuke kidole cha kati.

Serikali yetu ya wanafunzi naiomba jambo moja dogo lisilohitaji bajeti. Tuna wanafunzi wa udaktari, uuguzi, fiziotherapia na sisi, wote kampasi moja, na hatukutani ila kwenye mpira na foleni ya bumu. Tengeni jioni moja kwa mwezi, darasa moja, kesi moja ya mgongo. Wa udaktari aseme kwa nini aliandika fomu ile, sisi tuseme tuliona nini, wa uuguzi aseme mgonjwa alimwambia nini alfajiri. Atakayekuja kuandika “eksirei shingo, ajali” miaka mitano ijayo amekaa leo kwenye kimbweta cha pili kutoka changu. Ni rahisi kumkosoa sasa tukiwa tunakula naye mihogo kuliko siku atakapokuwa na koti jeupe na mimi namwogopa.

Mtu ataniambia: ukisisitiza kila picha iwe kamili, watu watarudia rudia na kuongeza mionzi. Hofu hiyo ina msingi. Ila picha isiyoonyesha kilichotafutwa ndiyo mionzi ya bure kuliko zote, kwa sababu mgonjwa ameilipia na hajapata kitu. Dawa ni kufikiri kabla ya kubonyeza: kumsikiliza, kumpanga, kumwelekeza kwa lugha yake. Anayefikiri hivyo hurudia mara chache kuliko anayeharakisha. Na mwingine atasema wagonjwa ni wengi, muda hakuna. Kuhesabu hadi saba kunachukua sekunde tano. Nimejipima.

Kwetu sisi, sina la kuomba ila kujilazimisha. Tangu usiku ule nina tabia moja ambayo wenzangu wa fildi wananicheka nayo. Kabla ya kumruhusu mgonjwa yeyote wa mgongo ashuke kitandani, nahesabu pingili kwa sauti ya chini, kidole kwenye kioo. Shingo, hadi saba na ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua. Kiuno, kutoka ubavu wa mwisho hadi sakramu. Halafu namwuliza mgonjwa swali moja: “Kuna kitu unasikia ambacho hujaniambia?” Wengi wanasema hapana. Wachache wananyoosha mkono na kunionyesha mahali.

Ile karatasi ya mtihani yenye A bado ninayo, kwenye begi, pamoja na kitabu cha fildi. Pembeni ya mchoro wa mkono, kwenye kidole cha kati, nimeandika kwa kalamu ya bluu tarehe ya zamu ile.